Mwongozo wa Linux wa "anayeanza kabisa": uzoefu wangu

Niliununua kwa sababu moja: umeandikwa kwa Kiswahili. Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, kompyuta ya dukani kwangu ilikuwa ya zamani mno kupokea Windows 11, na hela ya nyingine sikuwa nayo. Nina steshenari, nachapa na kuprinti za watu, siwezi kukaa bila mashine. Nikaamua kuhamia Debian, mojawapo ya aina za Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Nikaelekezwa kwa muuzaji wa mwongozo huu, nikalipa kwa simu, PDF ikaja WhatsApp.

Sura za mwanzo zilinifurahisha mno. Alivyoeleza kwamba huku hakuna diski C wala D, kila kitu kinaanzia kwenye mzizi mmoja unaoandikwa kwa mkwaju (/), na kwamba faili la Barua na la barua ni mafaili mawili tofauti, sijawahi kuona yakielezwa vizuri hivyo kwa lugha yetu. Nilikuwa nasoma mpaka usiku.

Kisha nikafika kwenye kusakinisha. Inakuja skrini ya nywila ya root, yaani mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote. Mwongozo unaagiza, tena kwa herufi nzito: jaza nywila, usipoteze muda kusoma maneno ya skrini, bonyeza endelea. Nikajaza. Kurasa chache mbele unaambiwa uandike sudo apt update (sudo ndiyo inayomruhusu mtumiaji wa kawaida kufanya kazi za root). Mashine inakuomba nywila yako, unaandika na hata nukta haionekani (hilo nalo hakulieleza, nikadhani kibodi imekufa), halafu inakujibu kwa Kiingereza kwamba jina lako halimo kwenye faili la sudoers, yaani la walioruhusiwa kutumia sudo. Basi. Na kila sura inayofuata inaanza na sudo! Yaani kitabu kizima kimekufungia nje.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba skrini ile ile aliyotukataza kuisoma ndiyo yenye jibu. Imeandikwa pale pale kwamba ukiiacha wazi nywila ya root, mtumiaji wa kwanza anapewa uwezo wa kutumia sudo. Ukiijaza, hupewi. Watu wa Debian wamejitahidi kueleza, yeye anatufumba macho, na pesa yetu amekula.

Nikamwandikia. Nikamsalimia vizuri, nikamtumia picha ya skrini, huku wateja wamesimama na barua zao za maombi ya kazi. Akajibu: "Dada, Linux si ya kila mtu. Rudi Windows tu." Hakuuliza hata nimekwama ukurasa gani. Jaladani umeandika "kwa anayeanza kabisa", anayeanza akikwama unamwambia si yake?

Mwishoni kuna ukurasa wa matatizo. Unasema andika su ili uwe root, kisha usermod -aG sudo na jina lako, ili uingizwe kwenye kundi la wanaotumia sudo. Nikaandika. Amri haipatikani. Aliyenitoa ni kijana wa chuo aliyekuja kuprinti ripoti yake ya fildi: alichofanya ni kuongeza kistari, ikawa su - badala ya su. Akanieleza kwamba bila kistari unakuwa root kweli, lakini mashine inaendelea kutafuta amri kwenye folda za mtumiaji wa kawaida, na usermod iko /usr/sbin ambako haitafuti. Tukarudia, nikatoka nikaingia upya, sudo ikakubali. Kistari tu ndicho kilichonifungia duka!

Hapa nilikuwa nimeandika msiununue, nikafuta. Ile sura ya mafaili ni nzuri kweli, binti anayenisaidia dukani ameisoma na ameielewa bila mimi kumfundisha. Na Debian yenyewe sina la kuisema vibaya, mashine imekuwa nyepesi na printa ilijitambua yenyewe. Kwa hiyo kama una mtu wa karibu anayejua, nunua tu.

Lakini mwenye mtu wa karibu anayejua anatafuta mwongozo wa nini? Sisi tusio na mtu ndio tulioandikiwa hiki kitabu, na sisi ndio tunaambiwa turudi Windows. Hapana, msinunue. Kwanza asahihishe kurasa hizo mbili, awatumie wote tuliolipa. Juzi jirani yangu wa duka la simu ameuziwa, nimeufungua kwenye simu yake: ni ule ule, na zile herufi nzito zipo pale pale.