Mifuko ya poliesta ya kuhifadhia vijitabu vya matamasha ya jazi: tathmini baada ya miaka 3

Kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya vijitabu vya matamasha ya jazi, hasa vile vya ziara za Jazz at the Philharmonic, maonyesho ambayo Norman Granz aliyaanzisha Los Angeles mwaka 1944. Baada ya kuvihifadhi katika mifuko ya poliesta, yaani plastiki angavu wala si kitambaa, kwa miaka 3, nasema bila kusita kwamba mifuko hiyo inastahili kununuliwa, mradi mnunuzi afahamu mapema kazi isiyoiweza.

Nilihamia poliesta baada ya kupata hasara. Hapo awali niliviweka katika faili lenye kurasa za plastiki laini ya PVC, zenye ile harufu kali ya plastiki mpya. Siku nilipotaka kukitoa kijitabu kimoja cha miaka ya 1950, jalada lilikuwa limegandana na plastiki, na ingawa nililivuta taratibu, yule mpiga tarumbeta maarufu aliyechorwa na msanii David Stone Martin alibaki nusu kwenye karatasi na nusu kwenye plastiki. PVC laini huchanganywa na vilainishi ambavyo hutoka polepole na kuulegeza wino, na plastiki yenyewe inapochakaa hutoa tindikali. Poliesta halisi haina vilainishi hivyo.

Mifuko ninayoitumia ni angavu kiasi kwamba majina ya Ella Fitzgerald na Oscar Peterson husomeka bila kukigusa kijitabu. Kingo zake zimeunganishwa kwa joto, si kwa gundi, na jambo hilo nalithamini sana, kwa sababu gundi huvuja na kuacha madoa. Kuhusu unene, chagueni wa mikroni 100 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Wa mikroni 50 unafaa tikiti na vipeperushi, lakini kijitabu chenye kurasa nyingi huulemea, na pembe zake huanza kukunjika.

Sasa nieleze upungufu wake, ambao wauzaji hawautaji. Karatasi nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa rojo la mbao lenye lignini, kemikali ya asili ya mbao, na tindikali imo ndani yake. Mfuko hauiondoi, ukizibwa pande zote unaweza hata kuharakisha uchakavu, kwa kuwa mvuke wa tindikali hukosa pa kutokea. Kwa hiyo nunueni mifuko iliyoachwa wazi upande mmoja au miwili, na nyuma ya kila kijitabu wekeni kadi isiyo na tindikali, iliyotiwa kalisi kaboneti, ambayo huzimua tindikali. Mfuko hauzuii mwanga pia, hivyo vyangu vyote hukaa gizani ndani ya masanduku, mahali pakavu pasipo joto, nami hukagua pini za katikati kila mwaka, maana zikianza kutu, duara la kahawia hupenya hadi kurasa za ndani.

Jambo la mwisho ni sahihi za wanamuziki. Poliesta hujaa umeme tuli, ambao huvuta vumbi na unaweza kunyanyua chembe za risasi ya penseli. Baadhi ya wasanii walitia sahihi kwa penseli yoyote iliyokuwa karibu, na vijitabu vya aina hiyo sivitii katika mifuko hii kabisa; nimevifunika kwa karatasi laini isiyo na tindikali, kila kimoja katika jalada lake la kadi.