Miezi minne na karata za tarot, kwa maswali ya ndiyo au hapana

Binamu yangu alinizawadia pakiti ya tarot, karata za kubashiria, alipokuja likizo kutoka Uingereza, zile karata zenye picha alizochora Pamela Colman Smith, zilizotoka London mwaka 1909. Mimi ni fundi cherehani hapa Mombasa. Nimezitumia miezi minne kwa maswali ya ndiyo au hapana peke yake.

Jumla ni karata 78. Kilichonifurahisha mno ni kwamba mtu wa pwani hazioni ngeni. Makundi manne ni vikombe, panga, fimbo na sarafu. Sasa taja karata zetu za barazani: kopa, shupaza, pau, uru. Majina hayo tuliyapata kwa Wareno, na kwao ndiyo hayohayo: vikombe, panga, fimbo, dhahabu. Nilipoligundua hilo nilikiweka kando kile kijitabu cha maelezo, nikazipanga mkekani moja moja hadi usiku. Tarot yenyewe ilianza Italia karne ya 15 ikiwa mchezo tu. Ubashiri ulikuja baadaye sana. Zile 22 zilizo nje ya makundi hayo manne, Jua, Mwezi, Mnara, Kifo na wenzao, zilikuwa turufu.

Mamangu hakutaka hata kuziangalia. "Mwanangu, hiyo ni ramli. Swali istikhara, ulale." Sikumbishia, na mimi sidai kwamba zajua ya ghaibu.

Kwenye matumizi, jihadhari na pakiti mpya. Kanuni iliyo rahisi husema karata iliyosimama wima ni ndiyo, iliyo kichwa chini ni hapana. Wiki nzima nilipata ndiyo tupu, nikaagiza vitambaa vya madera kuliko uwezo wangu. Kumbe karata zikitoka dukani zote huwa zimeelekea upande mmoja, na kuchanga kwa kawaida hakuzigeuzi. Gawa fungu mara mbili, nusu moja uizungushe, kisha ndipo uchange. Iliniuma, maana kijitabu hakikunieleza.

Tena kanuni zenyewe hugombana. Jua likitoka kichwa chini, kwa wengine ni hapana, na kwa wengine Jua ni ndiyo vyovyote lilalavyo. Mwezi ndio mgumu zaidi, kwa wengi ni jibu lisiloeleweka. Chagua kanuni moja kabla hujagusa karata, la sivyo utachagua ile inayokupa ulitakalo. Mimi nilifanya kosa hilo.

Kwa picha nazipa nyota tano. Kwa majibu, mbili.

Mbili hizo nilizifikia kwa ajili ya kiduka kimoja cha Majengo nilichotaka kukodi. Niliuliza mara tatu: ndiyo, Mwezi, ndiyo. Usingizi ukanikataa. Asubuhi nikajiuliza: mbona swali hili lina mwenyewe? Fundi aliyekihama kile kiduka yu hai, na simu yake ninayo. Tangu hapo, kabla ya kuchanga, huuliza kwanza kama kuna mtu ajuaye jibu. Maswali yangu mengi yana mtu.

Fundi yule, naye ni mama, alinikaribisha chai, akasikiliza, kisha akanichukua mwenyewe mpaka kwenye kile kiduka. Akasogeza kabati pembeni. Ukutani palikuwa na alama ya maji ya masika, imefika usawa wa goti.