Asali za Tabora kwenye granola isiyo na nafaka: ipi inashika, ipi inaharibu

Granola ya kawaida ni oti zilizookwa na kitu kitamu. Oti zina tabia ya kunyonya: ukizimiminia asali yenye maji mengi, zinayameza na mambo yanaendelea. Ukiziondoa ukabaki na karanga, korosho, mbegu, nazi na matunda makavu, hakuna tena cha kunyonya. Korosho haimezi maji, mbegu ya maboga vilevile. Asali inabaki juu ya ngozi zake, na kama ni nyepesi inatiririka hadi kwenye trei na kuungua huko chini huku juu pakibaki panyevu. Kwa hiyo anayetengeneza granola ya aina hii hapa Tabora aanze na chupa ya asali kabla ya kuhangaikia kingine chochote, na chupa hizo hazifanani hata zikipangwa kwenye meza moja sokoni.

Iliyo bora kwa kazi hii ni asali ya nyuki wakubwa iliyorinwa kwenye masega yaliyofungwa kwa nta, ikachujwa bila kupikwa. Asali ya misitu ya miombo ya Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui huwa nzito ikiwa imeiva, na rangi yake huanzia kahawia ya dhahabu hadi nyeusi kabisa. Rangi isikutishe, kwa kuwa inategemea maua. Angalia uzito. Geuza chupa iliyojaa kichwa chini: povu la hewa lipande polepole, kwa kujivuta. Chota kwa kijiko na uimwage: idondoke kama utepe na ijikunje kidogo juu ya asali iliyo chini kabla ya kuzama. Ikidondoka kama sharubati, iache. Ukiona mapovu madogo shingoni mwa chupa, au kizibo kikifyatuka kwa hewa unapofungua, asali hiyo imeanza kuchacha kwa sababu ilirinwa kabla ya kuiva au imeingia maji.

Vipimo vya kiberiti na vya sisimizi ambavyo wauzaji huonyesha (kuwasha njiti iliyochovywa kwenye asali, au kuangalia kama sisimizi wanaikwepa) havikuambii lolote la maana. Na asali iliyoganda si lazima iwe na sukari ya kuongeza. Asali halisi huganda. Weka chupa kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, subiri ilainike, kisha itumie. Kwenye granola hufanya kazi vizuri kama ile ambayo haijaganda.

Asali ya mizinga ya magome na magogo, iliyokamuliwa kwa mkono, inahitaji uangalifu zaidi. Kwa ladha yaweza kuwa ndiyo nzuri kuliko zote, yenye ukali mtamu wa msitu, lakini mara nyingi inabeba mambo mawili: moshi na nta. Moshi kidogo unapendeza pamoja na karanga. Moshi mwingi huzidi ukiokwa, kwa hiyo onja kwanza. Kama harufu inabaki mdomoni baada ya kumeza, asali hiyo itaifunika nazi na embe vyote. Nta ni tatizo la aina nyingine. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, inasambaa juu ya karanga ndani ya oveni, na granola ikipoa inaganda tena na kuacha utando unaonata kwenye meno. Dawa yake ni kuipasha asali ndani ya maji ya uvuguvugu, chini kabisa ya kiwango hicho, na kuipitisha kwenye kitambaa safi chepesi. Nta inabaki juu ya kitambaa. Ukiipasha moto mkali, nta inayeyuka na kupita pamoja na asali, na kazi yako imekuwa bure.

Asali iliyopikwa ili kutenganisha nta usiinunue kwa kuoka. Utaitambua kwa weusi wake unaoendana na harufu ya sukari iliyoungua na uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Imeshapata moto mara moja. Ikiingia kwenye oveni inafika kwenye uchungu mapema mno, wakati korosho bado nyeupe.

Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni habari nyingine kabisa. Inapendwa, inauzwa ghali kuliko nyingine, ina uchachu mzuri, na watu wengi huiweka kama dawa. Kwa kuoka granola haifai. Asali iliyoiva ya nyuki wakubwa ina maji chini ya asilimia 20. Ya nyuki wadogo hupita asilimia 25 bila shida. Fanya hesabu: kwenye gramu 105 za asali yenye maji asilimia 18, kuna gramu 19 za maji. Asali ile ile kwa kipimo, lakini yenye asilimia 28, ina gramu 29. Hizo gramu kumi za ziada lazima ziondoke kama mvuke kabla granola haijaanza kukauka, na ufuta hausubiri, huungua mapema. Isitoshe, ule uchachu na harufu yake nyepesi hupotea motoni, kwa hiyo unachoma fedha. Iache mezani, uidondoshee juu ya maziwa mgando na granola iliyokwisha kuokwa. Hapo ndipo thamani yake inapoonekana.

Vipimo vya trei moja ya sentimita 40 kwa 30 ni hivi: karanga mbichi kavu gramu 200, korosho 150, mbegu za maboga zilizomenywa 80, nazi kavu 60, ufuta 40. Asali vijiko vikubwa vitano, ambavyo ni gramu 105 hivi, mafuta ya kupikia yasiyo na harufu vijiko vikubwa viwili, ute wa yai moja, chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini kijiko kimoja cha chai, na ukipenda iliki iliyotwangwa robo kijiko. Matunda makavu gramu 120, ambayo hayaingii motoni hata kidogo. Asiyekula mayai aache ute. Atapata granola ya chengachenga badala ya mabonge, na ladha haibadiliki. Mawese ya Kigoma, kwa uzuri wake wote kwenye mboga, hapa yanatia harufu isiyoelewana na embe.

Karanga zitangulie. Zikikaa ndani kwa muda sawa na korosho zitatoka na ladha ya ubichi, kwa hiyo zioke peke yake kwenye nyuzi 160 kwa dakika 12, zipoze, uzisugue kwa kitambaa ngozi zitoke, kisha uzipasue vipande viwili. Za mtaani zilizokwisha kukaangwa na chumvi zisitumike: zikipata moto wa pili zinakuwa chungu, na chumvi yake huwezi kuipima. Kabla ya yote zichambue kwa mkono. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondolewi na kuoka wala kukaanga. Vifo vilivyotokea Dodoma na Manyara mwaka 2016 vilitokana na sumu hiyo hiyo kwenye mahindi, na karanga zinaipata kirahisi vilevile. Usikubali kuuziwa mabaki ya mwisho wa gunia, hata kwa nusu bei.

Nazi inafika Tabora kutoka pwani na mara nyingi utaipata nzima. Ukiikuna kwa mbuzi inatoka na maji na tui lake, kwa hiyo itandaze kwenye trei kwa nyuzi 100 na uigeuzegeuze mpaka ikauke mkononi bila kunata. Machicha yaliyokamuliwa tui yanaonekana kama njia ya kuokoa kitu, lakini ladha imeshakwenda kwenye mchuzi na kilichobaki ni makapi.

Sasa kuchanganya. Pasha asali na mafuta pamoja kwa moto mdogo hadi asali iwe nyepesi tu, isichemke. Tia chumvi na viungo humo, maana vikimwagwa vikavu juu ya korosho vinakaa sehemu moja. Mimina juu ya karanga, korosho, mbegu za maboga na nazi, ugeuze mpaka kila kipande king'ae. Piga ute wa yai kwa uma hadi utoe povu, uchanganye mwisho. Tandaza kwenye karatasi ya kuokea kwa unene wa sentimita moja na nusu, ukandamize kwa mgongo wa kijiko. Oka kwenye nyuzi 150. Dakika ya 12 geuza kingo ziingie katikati, nyunyiza ufuta, kandamiza tena, na baada ya hapo usiguse. Jumla ni dakika 22 hadi 28. Toa ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, hata kama bado ni laini, kwa kuwa ukavu unakuja inapopoa. Wengi wanaiharibu hapa: wanaibonyeza ingali moto, wanaiona laini, wanairudisha ndani, na dakika tano baadaye imekuwa chungu. Sukari za asali hubadilika rangi mapema kuliko sukari ya mezani, na juu ya nyuzi 160 kati ya tamu na chungu pana dakika chache tu.

Kwa jiko la mkaa inawezekana kabisa, na matokeo mazuri hupatikana kwa sufuria pana nzito yenye mchanga mkavu wa sentimita mbili chini, na sinia la granola likikaa juu ya vijiwe vitatu. Funika kwa mfuniko wa bati na upalie makaa juu, yawe mengi kuliko ya chini, kama anayepika mkate wa kumimina. Acha upenyo mdogo wa mvuke kwa kuweka kijiti pembeni mwa mfuniko. Bila upenyo huo, maji ya asali na nazi yanazunguka ndani, na utatoa korosho zilizochemshwa. Unene wa granola upungue hadi sentimita moja, na uangalie kila dakika sita.

Ikipoa kabisa, na hii ni saa nzima, vunja mabonge kwa mkono ndipo utie matunda. Matunda yakiokwa hukauka kama mawe na zabibu huvimba kisha huwa chungu. Embe ndilo chaguo la kwanza mkoani hapa, kwa wingi wake kuanzia Novemba: vipande vya milimita tano, vikaushwe chini ya chandarua au kwenye kikaushio cha jua, hadi ukikunja kipande kisinate na ukikipasua usione unyevu katikati. Embe za kukausha ziwe zimeiva lakini bado ngumu. Zilizolainika huwa gundi. Zabibu kavu za Dodoma ni nzuri sana, ila zioshe na uzikaushe siku moja kabla. Tende zina unyevu mwingi na hulainisha kila kilicho karibu nazo, kwa hiyo zikate na uzitie wakati wa kula. Unga wa ubuyu, kijiko kikubwa kimoja juu ya granola iliyopoa, unaleta uchachu unaoikata asali nzito vizuri. Ubuyu uliotiwa rangi na sukari haufai.

Granola iliyolegea siku ya pili ina sababu tatu za kawaida: ilifungwa ingali vuguvugu, asali ilikuwa ya maji, au matunda hayakukauka. Wakati wa mvua kuna ya nne, hewa yenyewe, maana asali huvuta unyevu. Kati ya Novemba na Aprili tengeneza nusu ya vipimo, hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kizibo cha kukaza, na matunda yakae chombo chake. Iliyolegea inarudi kwa dakika nane kwenye nyuzi 130, baada ya kuondoa matunda. Kiangazi hukaa wiki tatu bila taabu. Ikianza kunukia kama rangi ya mbao, mafuta ya korosho na karanga yamechacha, na hakuna dawa ila kuitupa.

Kutokuwa na nafaka kunamfaa asiyeweza kula ngano, lakini hakuipunguzii granola hii nguvu. Gramu 100 za karanga au korosho peke yake zina kalori zaidi ya 550, kwa hiyo kiasi cha mtu mmoja ni kiganja, karibu gramu 40. Mwenye kisukari aihesabu asali kama sukari, hata ikiwa imetoka msituni moja kwa moja. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali ya aina yoyote, ya nyuki wakubwa wala wadogo, kwa kuwa hata kuoka hakuui mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli, zinazoweza kuwemo. Na karanga na korosho nzima zisiwe mikononi mwa aliye chini ya miaka mitano. Kwake zitwangwe kwanza.