Mwaka mmoja wa uanagenzi kwenye karakana ya reli, Lubumbashi

Tangu nimalize staji mwezi wa saba, majirani hapa Katuba wananiuliza: "Reli si imechoka? Mtoto atajifunza nini kule?" Nilikaa karakanani miezi 12, upande wa mekanika. Naandika niliyoyaona.

Pesa kwanza. Kujiandikisha nililipa dola 30, na overoli na viatu vyenye chuma mbele nilijinunulia soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Tuliahidiwa posho ya kila mwezi, lakini mwaka mzima ilifika mara nne. Siku nyingi nilikwenda kwa miguu. Kama hakuna wa kukushika mkono nyumbani, weka akiba kabla hujaanza.

Miezi miwili ya mwanzo utafagia, utabeba vyuma, utaosha beringi kwa mafuta ya taa. Wenzangu wawili waliacha hapo, na mpaka leo nawasikitikia, kwa sababu mwezi wa tatu kila mwanagenzi anakabidhiwa kwa fundi mmoja. Wangu alikuwa mzee tuliyemwita Papa Shefu. Alinipa nyundo, akasema: "Gonga, mama, halafu usikilize." Gurudumu zima linalia kama kengele, mlio unakaa. Lenye ufa linajibu kifupi, kama sufuria iliyopasuka. Wiki tatu nzima nilikuwa nagonga tu, hadi sikio likazoea.

Siku moja nilimuuliza treni inakataje kona. Haina usukani, na magurudumu mawili yamekazwa kwenye ekseli moja, hayawezi kuzunguka kwa kasi tofauti. Hakuchora kitu. Alichukua vikombe viwili vya plastiki, akaviunganisha mdomo kwa mdomo kwa utepe, akaviviringisha juu ya mabomba mawili aliyoyainamisha kidogo. Vikayumba kushoto, vikajirudisha katikati, vikafika chini salama. Kisha akaviunganisha kitako kwa kitako. Vikaanguka hata nusu ya njia havijafika. Kumbe gurudumu la treni halikuchongwa sawasawa kama pipa, lina mteremko, na upande wa ndani ndio mnene. Kwenye kona ekseli inasogea nje kidogo, gurudumu la nje linakanyaga kwa sehemu yake nene, na kwa mzunguko uleule linakwenda mbali kuliko mwenzake. Shuleni nilipiga hesabu za pia, yaani umbo la koni, miaka miwili. Siku hiyo ndipo niliiona ikifanya kazi.

Vipimo ndivyo vilivyonijenga zaidi. Upana wa njia yetu, yaani nafasi kati ya reli mbili, ni milimita 1067, sawa na reli za Zambia, za TAZARA hadi Dar es Salaam, na ile ya Benguela inayoshuka Lobito, Angola. Ukijua kupima ekseli hapa, kule hutakuwa mgeni.

Umeme hawakutufundisha vya kutosha: wiki mbili tu! Hilo linaniuma, maana hapa Katanga treni zilianza kuvutwa kwa umeme mwaka 1952. Anayetaka upande huo aombe mapema, tena kwa maandishi.

Jambo la usalama lazima nilitaje. Miwani ya kuchomelea ilikuwa mitatu, nasi tulikuwa 18. Nunua yako, na usikubali kuchomelea bila hiyo hata ukiharakishwa. Wasichana tulikuwa wawili na hatukupewa chumba cha kubadilishia nguo. Tulibadilisha stoo, mmoja ndani, mwingine analinda mlango. Wakubwa wa pale wakisoma hapa, nawaomba chumba kimoja tu chenye komeo.

Cheti ni karatasi moja. Chenye thamani ni daftari la kazi, basi usilipoteze: kila kipimo, tarehe yake, na sahihi ya fundi wako. Nilipoomba kazi kwenye kiwanda kinachotengeneza pampu za mgodini, mhandisi alikipitia cheti haraka, akalifungua daftari kwenye kurasa za beringi, akasoma kimya. Kisha akanipa kalipa, kile chombo cha kupimia unene, akanionyesha shafti iliyokuwa mezani. Niliipangusa grisi, nikapima sehemu tatu, nikamwambia imeliwa upande mmoja. Akapima mwenyewe.

Nimeanza Jumatatu iliyopita. Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja wataipata siku posho itakapofika kwa wakati.