Gîte au chambre d'hôtes: uzoefu wangu wa kukodi malazi Périgord Noir, Ufaransa

Nianze na hukumu, maana ndiyo inayotafutwa. Kwa watu wawili wanaolala usiku 2 au 3, chambre d'hôtes (chumba nyumbani kwa mwenyeji) haina mpinzani. Kwa familia, au yeyote anayekaa wiki nzima na kutaka kujipikia, chukua gîte (nyumba nzima ya kukodi) ya masuke 3, yaani daraja la kati katika madaraja 5, iliyo kijijini au pembeni mwa kijiji, dakika 10 hadi 15 kwa gari kutoka mji wenye soko. Ile nyumba ya peke yake juu ya kilima, yenye bwawa la kuogelea na picha za machweo, mimi naiweka mwisho. Ninaongelea eneo la Sarlat, Montignac na Les Eyzies, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ila mengi ya haya utayakuta mashambani kote nchini humo.

Chambre d'hôtes ni chumba ndani ya nyumba ya mwenyeji. Sheria inamruhusu vyumba visivyozidi 5 na wageni wasiozidi 15 kwa wakati mmoja, na bei lazima ijumuishe kifungua kinywa na mashuka. Hapo huna jiko, na mara nyingi hata friji huna, kwa hiyo chakula cha jioni kinahitaji mpango. Mikahawa mingi ya vijijini hufungwa Jumapili jioni na Jumatatu, na ukifika saa 3:30 usiku utaambiwa jiko limeshafungwa. Wenyeji wengine hupika: menyu moja, wageni wote meza moja, na si kila siku. Agiza unapofanya buking, usisubiri ufike. Kwa wasiokula nguruwe hili lina uzito, maana mapishi ya Périgord ni bata, mafuta ya bata, nyama ya nguruwe na mvinyo ndani ya mchuzi. Kuandika neno halali peke yake hakutoshi. Andika waziwazi kwamba huli nguruwe, huli nyama ya mchinjo wa kawaida wala pombe kwenye mchuzi, na kwamba samaki, mayai au mboga vinakutosha. Mwenyeji akijua mapema hana shida. Akiambiwa mezani hana la kufanya.

Gîte ni nyumba nzima. Mtandao wa Gîtes de France, ulioanza 1955, huzipanga kwa masuke ya ngano 1 hadi 5. Usichanganye na nyota: hizo ni mfumo wa serikali, nazo ni 1 hadi 5, hudumu miaka 5 kisha nyumba hukaguliwa upya. Nyumba moja inaweza kuwa na vyote viwili. Mifumo yote miwili hupima zaidi vifaa na hali ya nyumba. Haikuambii kama kuna barabara ya malori nyuma ya ua. Nyumba isiyo na daraja lolote si lazima iwe mbovu, lakini usidhani kuna mtu aliyekwenda kuikagua.

Tangazo lina lugha yake. "4/6 personnes" maana yake vitanda halisi ni vya watu 4, na wawili waliobaki wanalala kwenye kochi la kukunjua sebuleni. Kitanda cha wawili cha sentimita 140 ni cha kawaida sana huko. Watu wazima wenye miili yao watafute cha 160. "Combles aménagés" ni vyumba vilivyo chini ya paa, na mwezi Julai vinawaka moto, kwa kuwa kiyoyozi ni nadra. Kuta za mawe hapo chini hubaki baridi ukifunga vifuniko vya madirisha mchana kutwa na kuvifungua usiku. "Mitoyen" ina maana mnagawana ukuta na mtu, mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe. Kwangu hilo si kasoro: bomba likiziba saa 2 usiku, aliye mlango wa pili anafika haraka kuliko wakala aliyeko mjini.

Omba jina la kitongoji, kisha kitafute kwenye cartes.gouv.fr, ramani ya bure ya serikali iliyochukua nafasi ya Géoportail. Ukiweka picha ya angani utaona reli, mabanda ya mifugo, machimbo ya mawe na upana wa njia ya kuingilia. Kwa mtandao wa simu, Arcep, mamlaka ya mawasiliano ya Ufaransa, ina ramani inayoonyesha kila kampuni inafika wapi. Hata hivyo ukuta wa mawe hudhoofisha mawimbi, hivyo bado uliza kama ndani kuna waifai. Kuhusu kengele za kanisa na majogoo, usitegemee kulalamika: tangu Januari 2021 Ufaransa ina sheria inayotambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi.

Sasa mkataba, mahali pesa zinapopotelea. Julai na Agosti gîte nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, unaingia kuanzia saa 10 jioni na kutoka saa 4 asubuhi. Ukisoma "arrhes", hiyo ni arbuni: ukighairi unaipoteza, na mwenye nyumba akighairi yeye anakurudishia mara mbili. Ukisoma "acompte", umeshafunga mkataba kamili, na ukijitoa unaweza kudaiwa bei yote. Tofauti hii inamgusa hasa anayehitaji visa ya Schengen. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, ilhali nyumba nzuri za Agosti huanza kuisha tangu majira ya baridi. Hivyo unaweza kulipa kabla ya kujua kama utapewa visa. Tafuta mkataba wenye tarehe ya kughairi bila hasara, na ukinunua bima ya kughairi, soma kama kunyimwa visa kumetajwa; usipokuona, hesabu kwamba hakumo. Mkataba wa gîte wenye majina na tarehe zenu ndio uthibitisho wa malazi kwenye maombi ya visa. Ile "attestation d'accueil", hati ya kupokelewa na mwenyeji inayotoka ofisi ya meya, ni ya anayelala kwa ndugu au rafiki, usimsumbue mwenye gîte akutafutie.

Juu ya bei ya kukodi nyumba, ongeza ushuru wa kulala, ambao hulipwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku (walio chini ya miaka 18 hawalipi), usafi wa mwisho usipoufanya mwenyewe, mashuka na taulo yasipojumuishwa, na amana inayorudishwa. Msimu wa baridi, umeme huwa na kiwango cha bure kwa siku, mara nyingi uniti 8, na ziada husomwa kwenye mita. Piga picha ya mita siku ya kuingia. Nyumba ya mawe inayopashwa joto kwa hita za umeme hula uniti 8 kabla ya chakula cha mchana.

Maji ya moto huleta ugomvi kuliko kitu kingine chochote. Mara nyingi tanki ni la lita 150 au 200, na hupashwa umeme unapokuwa nafuu, hasa usiku. Lita 200 zinatosha watu 6 wanaooga haraka. Wa saba anaoga baridi, na maji hayarudi hadi kesho. Dawa yake iko kwenye sanduku la umeme: swichi ndogo yenye 0, auto na I. Isukume kwenye I mchana, tanki litaanza kupasha palepale, kisha usiku swichi hurudi auto yenyewe. Muombe mwenye nyumba ruhusa na akuonyeshe ni ipi.

Umeme wenyewe mara nyingi una kikomo cha kVA 6, yaani karibu wati 6,000 kwa wakati mmoja. Oveni, birika na mashine ya kufulia vikipasha kwa pamoja vinazidi hapo, na mita ya Linky inakata. Chomoa kimoja, kisha bonyeza kitufe cha + sekunde kadhaa. Anayebeba sufuria yake ya alumini kwa ajili ya ugali aulize kwanza aina ya jiko: induksheni haiitambui alumini. Na nyumba nyingi zina shimo lao la maji taka, kwa hiyo vitambaa vya kupangusia watoto visitupwe chooni hata kama pakiti inaruhusu.

Bwawa? Likiwa limechimbwa ardhini, sheria inalitaka liwe na kinga, mojawapo kati ya uzio, king'ora, kifuniko au paa. Mwenye watoto wadogo asiridhike na king'ora, adai uzio. Mabwawa mengi huwa wazi Mei hadi Septemba tu, na yasiyopashwa joto ni ya barafu hadi Juni ipite nusu.

Bila gari, usiende zaidi ya Sarlat yenyewe, ambako treni ya kutoka Bordeaux inaishia. Soko lake kubwa ni Jumatano na Jumamosi asubuhi. Kwa kuwa utaingia Jumamosi jioni, nunua chakula cha siku mbili njiani: Jumapili supamaketi zikifungua ni asubuhi, na Jumatatu maduka mengi madogo hufungwa. Wakati wa kukabidhiwa funguo uliza pia habari ya takataka, maana sehemu nyingi za Dordogne, mkoa wenye Périgord Noir, makontena ya mifuko meusi hufunguliwa kwa kadi, na kadi anayo mwenye nyumba.