Biki ya mwili angavu na matundu yake mawili

Katikati ya imla, mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la nne aliinua mkono, nami nikadhani amepitwa na neno. "Samahani Mwalimu, hivi hili tundu la hapa ubavuni ni la nini?" aliuliza huku akininyoshea kalamu yake. Nilimwambia aandike kwanza, maswali yangefuata baadaye, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, ingawa kalamu za aina hiyo nimezishika tangu nilipokuwa na umri kama wake. Jioni ile nilipita kwenye duka la vifaa vya shule nikanunua nne, mbili za buluu na mbili nyekundu, kila moja kwa bei isiyozidi ile ya maandazi mawili. Muhula mzima nimeziandikia, nimezikongoa na kuzichunguza, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kalamu ninayoizungumzia ni Bic Cristal, ile yenye mwili unaopitisha mwanga kiasi kwamba mrija wa wino unaonekana wote, na yenye kifuniko kinachofanana rangi na wino uliomo. Ilianza kuuzwa Ufaransa mwezi Desemba 1950, na mwenye kuiuza alikuwa Marcel Bich, ambaye alikuwa na karakana ya vipuri vya kalamu huko Clichy, jirani na Paris. Alilipa bidhaa yake jina la ukoo wake baada ya kuliondolea herufi ya mwisho. Wazo la kuandika kwa gololi, hata hivyo, halikuwa lake. Alinunua haki kwa László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria aliyehamia Argentina, ambaye alikuwa amechoshwa na wino wa kalamu uliochelewa kukauka ilhali ule wa mitambo ya magazeti ulikauka mara moja. Ndiyo maana Waingereza huiita kalamu ya namna hii "biro", na Waargentina "birome", wakati sisi tunasema biki, na katika Kongo kalamu yoyote ile, hata iwe ya kampuni nyingine, huweza kuitwa bic. Waingereza wamemkumbuka aliyebuni, sisi tumemkumbuka aliyeuza.

Nianze na ncha, kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi. Niliitazama kwa kioo cha kukuzia nikaona gololi yake imekaa ndani ya kikombe cha shaba, imeshikwa na ukingo mwembamba uliokunjwa kuizunguka, ili izunguke bila kuchomoka. Upana wake ni milimita 1 tu, nayo imetengenezwa kwa kabidi ya tangsteni, dutu ngumu ambayo hutumiwa pia katika ncha za keekee za kutobolea mawe. Upande wa ndani gololi hupakwa wino, ikizunguka inauleta nje na kuuacha karatasini. Wino wenyewe ni mzito na una asili ya mafuta, ndiyo sababu haumwagiki kama maji na haulowi hadi upande wa pili wa ukurasa, hata kwenye yale madaftari ya karatasi nyepesi ambayo wazazi wengi huwanunulia watoto.

Sasa tundu la ubavuni. Wino unapopungua, nafasi yake lazima ijazwe na hewa, na pasipo njia ya hewa kuingia, mvutano ungejengeka nyuma ya wino na kuuzuia kushuka. Tundu hilo vilevile linalinganisha hewa ya ndani na ya nje mtu anapopanda mlima au ndege. Anayetoka Tanga kwenda Lushoto huiacha hewa nzito ya pwani na kuingia katika hewa nyepesi ya milimani, na hewa iliyofungiwa ndani ya kalamu ingetanuka na kuusukuma wino utoke kwenye ncha. Ninalijua jambo hili kwa hasara, maana niliwahi kuvaa shati jeupe lenye kalamu isiyo na tundu, ya kampuni ambayo sitaitaja, na shati hilo leo ni tambara la kufutia ubao.

Sikuridhika na maelezo matupu. Niliziba tundu la kalamu moja kwa utepe wa gundi, nikaandika kurasa mbili mfululizo nikitegemea wino ukwame. Haukukwama. Nilipoitazama tena nikaelewa sababu: kizibo kidogo cha mkiani hakikufungwa kiasi cha kuzuia hewa kabisa, na zaidi ya hapo wino unaotumika katika kurasa mbili ni kidogo mno ukilinganisha na hewa iliyomo mwilini mwa kalamu. Kwa hiyo atakayelijaribu hili mbele ya wanafunzi ajiandae kuchekwa. Tundu lina kazi, lakini si kazi itakayoonekana ndani ya kipindi kimoja.

Tundu la pili, lililo kwenye ncha ya kifuniko, lina habari nzito zaidi. Wapo wanaosema limewekwa ili wino usikauke, jambo ambalo halina mantiki, kwa kuwa tundu la kuingiza hewa haliwezi kuwa dawa ya ukavu. Limewekwa kwa ajili ya watoto. Kifuniko kikivutwa kooni kinaweza kuziba njia ya pumzi, na tundu hilo huacha upenyo wa hewa kidogo wakati msaada unatafutwa. Kampuni ilianza kuliweka mwaka 1991, na upo utaratibu wa kimataifa wa usalama, ISO 11540, unaohusu vifuniko vya kalamu zinazotumiwa na watoto wa hadi miaka 14. Sisi tuliosoma miaka ya 1980 tuna ushahidi wetu wenyewe wa mabadiliko hayo. Vifuniko vya wakati ule tulivipuliza vikalia kama filimbi hadi mwalimu wa zamu akatoka na fimbo, ilhali vya leo ukivipuliza pumzi inapita tu. Hata hivyo, mzazi asidhani kwamba tundu hilo limekifanya kifuniko kuwa kitu cha kutafuna. Linampa mtoto muda kidogo, basi, na darasani kwangu anayetafuna kifuniko bado anaambiwa akitoe mdomoni.

Pembe sita za mwili wake zimefuata umbo la penseli, na mwenye madawati ya kizamani yaliyoinama atazishukuru kila siku, kwa sababu kalamu ya duara huviringika hadi sakafuni na kuangukia ncha, na ncha iliyoangukia saruji mara nyingi haiandiki tena vizuri. Vidole vitatu pia hupata mahali pa kukaa. Umbo hilo lilitupa faida nyingine ambayo naamini hakuna mhandisi aliyeikusudia. Gurudumu la kanda ya kaseti lina meno sita kwa ndani, na biki huingia humo ikashika. Tulirudisha nyuma upande mzima wa taarabu kwa kuizungusha kaseti hewani, ili betri za redio zibaki kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Swali jingine ambalo watoto huuliza ni kwa nini biki hugoma ukiandika ukutani au ukiwa umelala chali. Uzito ndio unaoushusha wino hadi kwenye gololi. Ukiielekeza ncha juu, wino hurudi nyuma na hewa huingia mahali pake. Hapa ndipo husimuliwa kisa cha Wamarekani waliotumia mamilioni ya dola kubuni kalamu ya anga za juu huku Warusi wakitumia penseli. Ni kisa kitamu lakini si cha kweli: mwanzoni wote walitumia penseli, kalamu hiyo ilibuniwa na mfanyabiashara aitwaye Paul Fisher kwa fedha zake mwenyewe, na baadaye pande zote mbili zilimnunulia.

Kuhusu uandishi wenyewe, mstari ni wa wastani, hautetemi, na rangi haipauki upesi kwenye madaftari yanayokaa kabatini. Nyekundu imenisahihishia insha za madarasa mawili na bado mrija una wino unaozidi upana wa vidole viwili. Udhaifu nilioukuta ni ule wa kalamu zote za gololi. Karatasi iliyoshikwa kwa mkono wenye mafuta ya kupikia haikubali wino, na baada ya mistari mingi kidoti hujikusanya kando ya gololi kikaacha alama nzito mwanzoni mwa neno. Asubuhi ya baridi, kalamu inayokwaruza bila kuandika nimeisugua baina ya viganja kwa dakika moja ikakubali, kwa kuwa wino ukipata joto hulainika. Kuipitisha ncha kwenye moto wa kiberiti, kama wafanyavyo wanafunzi, sikushauri, maana plastiki inayoishika ncha hulegea kabla wino haujafanya lolote.

Haikutengenezwa ili ijazwe upya, kwa hiyo ikiisha inatupwa, na hilo ndilo pekee linalonifanya nisite kuipa alama zote. Kwa mwanafunzi ningenunua ya mwili angavu kuliko zile za rangi isiyopenyeka, kwa sababu usiku wa kuamkia mtihani anaweza kuona kwa macho yake wino uliobaki ni wa kurasa ngapi. Yule aliyeuliza swali nimempa moja ya zile za buluu, ile niliyoiziba tundu, nikiwa nimekwisha kuibandua utepe.