Rodinal: chupa moja, miaka minne

Nilianza kusafisha filamu za kamera kwa D-76, dawa ya unga. Ukishaikoroga, lita nzima inaanza kuzeeka, nami nasafisha filamu mbili tu kwa mwezi. Nikahamia Rodinal, dawa ya maji ya tangu 1891. Mililita 6 kwa 300 za maji, ukimaliza unamwaga. Chupa yangu ina miaka minne, imegeuka rangi ya kahawa, na bado inachapa kazi.

Kasoro ni chenga, yaani vidoadoa kwenye picha. Nilisafisha filamu ya HP5 Plus yenye picha ya mama, dakika 11 kwa nyuzi joto 20 (Mombasa hapa, bila beseni la barafu huzipati), na mama akaniuliza, "Mbona umenimwagia mchanga usoni?" Kwa FP4 Plus, filamu yenye chenga ndogo zaidi, kuta za Mji wa Kale zinatoka kali ajabu. Sura za watu nimezirudishia D-76.